Una mwalimu mmoja na vipindi viwili kwa wiki: uanze na programu gani ya ustawi wa wanafunzi?

Barua ya uteuzi wangu ilikuwa na mistari minne, na mhuri wake ulikuwa mkubwa kuliko maelezo. Kuanzia muhula ule nilikuwa mratibu wa ustawi na ushiriki wa wanafunzi, "pamoja na majukumu yako mengine." Hayo mengine yalikuwa vipindi 24 vya Kiswahili na Historia, ualimu wa darasa kidato cha pili B, na zamu kila baada ya wiki chache. Makamu mkuu wa shule aliponikabidhi ile karatasi aliniuliza, "Sasa mwalimu, unaanza na klabu au na ofisi ya ushauri?"

Tangu hapo nimelisikia swali hilo kwa walimu wengi waliopewa barua kama yangu. Ubaya wake ni kwamba linakupa njia mbili wakati ziko walau nne, na ile ninayoiona ya maana kuliko zote haimo. Mbili nimezifanya kwa mikono yangu, moja nimeiona kwa jirani, na moja naijua kwa kusoma matokeo yake na kuzungumza na walimu waliopitia mafunzo yake. Nazipanga hapa kwa kuifikiria sekondari ya kata, ya kutwa, ambako ruzuku ikija imeshapangiwa chaki na karatasi za mitihani. Mwenye shule ya bweni atajua mwenyewe pa kurekebisha.

Kipimo changu ni maswali mawili. Mwezi wa tisa, kidato cha nne wakiwa wanajiandaa na mtihani wa taifa na kila mchana umegeuzwa kipindi cha ziada, nani atakuwa bado anaibeba hii programu? Na mtoto akisema jambo zito leo, kesho yake asubuhi kitatokea nini?

Ofisi ya unasihi

Hii ndiyo inayokuja kichwani kwa kila mtu, na ndiyo niliyoanza nayo. Nilipewa stoo ya mipira na jezi. Tukasogeza magoli ya chuma, tukaweka meza na viti viwili, nikabandika karatasi mlangoni: MNASIHI. Dirisha lake linatazama uwanja tunaosimamia mstari wa asubuhi, kwa hiyo yeyote anayeingia huonwa na shule nzima, kuanzia vidato vyote hadi mama muuza maandazi.

Wiki mbili za mwanzo hakuja mtu. Wiki ya tatu wakaanza kuja, lakini wote walikuwa wameletwa na mwalimu wa nidhamu. "Huyu kanishinda, mnasihi." Akimaliza kuchapwa, aje kunasihiwa. Katika mwezi mmoja ofisi ikawa kituo cha pili cha adhabu, na wanafunzi walilijua hilo kabla yangu.

Hata hivyo kuna mambo ambayo hakuna klabu wala mkutano wa darasa utayafanya. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilifungua mlango kwa wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za kawaida, na mwongozo ukafuata kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo. Msichana wa namna hiyo akirudi hahitaji hotuba. Anahitaji mtu mmoja mwenye kiti, atakayekubaliana na mwalimu wa zamu kwamba siku mtoto akiugua, mama atachelewa, na atakayewaambia walimu wawili watatu, mmoja mmoja na kwa upole, kwamba ule utani wao wa stafu usifike darasani. Kazi hiyo haifanyiki mstarini. Vivyo hivyo kwa aliyefiwa, anayeishi kwa mama mdogo asiyemtaka, au anayejikata mikono na kuvaa sweta wakati wa joto.

Gharama yake ni muda. Mtoto mmoja anakula kipindi kizima, na ukiwa na wanafunzi mia saba huhitaji kikokotoo kujua utawafikia wangapi kwa mwaka. Kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, programu ya Shule Salama imewapa baadhi ya walimu mafunzo ya unasihi. Kama shuleni kwako yupo aliyepita huko, mwanzie yeye kabla ya kujifunza kila kitu upya. Na kabla hujafungua mlango, andika kwenye karatasi moja majina na namba za watu wanne: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, dawati la jinsia na watoto la polisi, mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu, na 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Usipokuwa na karatasi hiyo, jibu la swali langu la pili ni kwamba kesho asubuhi hakitatokea kitu, na mtoto hatasema tena.

Kuna kasoro nyingine niliyochelewa kuiona, nayo ilikuwa mimi mwenyewe. Jumatatu nilikuwa getini na fimbo kama mwalimu wa zamu. Jumanne nilikuwa nyuma ya meza nikisema, "Jisikie huru." Nani angejisikia?

Klabu ya Tuseme na ndugu zake

Tuseme ilianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, katika idara ya sanaa, mikononi mwa Penina Mlama na Amandina Lihamba, watu wa maigizo. Wazo lao lilikuwa kwamba msichana wa sekondari anajua fika kinachomzuia kusoma, ila hana pa kukisemea. Ukimkalisha mbele ya afisa umwulize, atatazama chini. Mpe igizo, atalicheza mpaka afisa atoke jasho. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, wakalichukua na kulipeleka nchi nyingine za bara hili, na wavulana nao wakaingizwa.

Wanafunzi wanataja matatizo yao, wanachimba chanzo, wanatunga igizo, wanalionyesha mbele ya walimu na wazazi, kisha mnakaa pamoja kupanga nini kifanyike na nani akifanye. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo walimu wengi huisahau.

Kwetu, kidato cha pili walitunga igizo la wachelewaji. Msichana mmoja, mdogo wa umbo, alicheza mwalimu wa zamu. Alishika rula ya mita moja, akajifunga kanga kiunoni ionekane tumbo, akasimama pale alipochora geti kwa chaki, na mwenzake alipofika anahema akamwuliza, "Wewe, kwenu jogoo wamekufa?" Stafu nzima ilicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu ile ni kauli yangu. Kisha yule mchelewaji wa igizo akaanza kueleza njia aliyopita: bonde, daraja la magogo, na giza la saa kumi na moja, na pale kwenye shamba la miwa anapongoja wenzake kwa sababu hapiti peke yake. Kicheko kikakatika chenyewe.

Tulikaa baada ya hapo. Wanaotoka ng'ambo ya bonde wakaruhusiwa kuingia nusu saa baadaye na kufanya usafi wao mchana. Hakuna aliyeomba kibali cha wizara, na haikugharimu hata shilingi.

Uzuri wa klabu ni huo. Ina uhai, inawapa wanafunzi kitu cha kushika, na mwalimu mmoja mwenye vipindi viwili kwa wiki anaiweza. Na kabla ya kuanzisha mpya angalia kilicholala. Shule nyingi zina klabu ya Fema, ile ya wasomaji wa jarida la vijana, iliyoachwa na mlezi aliyehama, klabu ya wapinga rushwa yenye mabango tu, na skauti wanaoonekana siku ya mwenge. Kufufua mara nyingi ni rahisi kuliko kuzaa.

Ubaya wake uko sehemu mbili. Kwanza, wanaojiunga ni wale wale: wenye sauti, wenye kipaji, mabinti wa kwaya. Yule anayekaa dawati la nyuma na kuondoka kengele ikilia hujui hata jina lake, na klabu haitamfikia. Pili, klabu yenye wasanii wazuri huibwa na shule yenyewe. Mahafali yakikaribia, mkuu wa shule anataka ngonjera. Afisa elimu akija, anataka wimbo. Mwaka wa pili klabu yetu ilikuwa na nyimbo tano za kumkaribisha mgeni rasmi na haikuwa na igizo hata moja. Kosa hilo lilikuwa langu kama mlezi, maana nilikuwa nasifiwa.

Vikundi vinavyoongozwa na vijana

Hii ndiyo inayozungumzwa sana sasa, hasa kutoka Kenya. Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na vijana akiwamo Tom Osborn, huchukua vijana waliomaliza sekondari karibuni, wanawapa mafunzo mafupi, kisha wanaongoza vikundi vidogo vya wanafunzi kwa vikao vinne, saa moja kila wiki. Hawazungumzii ugonjwa. Wanazungumza kuhusu mtu kuweza kubadilika na kukua, kuhusu shukrani, na kuhusu yale ambayo mwanafunzi mwenyewe anayathamini. Jina lenyewe walilitoa kwenye Kiswahili chetu: kushamiri.

Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilitoa matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi 413 wenye dalili za sonona na wasiwasi. Wenzao wa kulinganishwa nao hawakuachwa bure. Walipewa vikao vya mbinu za kusoma, kwa idadi ile ile. Makundi yote mawili yalipata nafuu, ila la Shamiri lilipata zaidi. Mimi nilikisoma hicho kipande cha kundi la pili mara mbili. Maana yake, kukaa na kijana anayekusikiliza saa moja kwa wiki, hata mkizungumzia namna ya kupanga ratiba ya kusoma, si bure.

Tanzania tuna kitu cha ukoo huo huo. CAMFED, shirika linalosaidia elimu ya wasichana, wamekuwa wakiwarudisha wasichana waliosaidiwa kusoma ili wawe waelekezi wa stadi za maisha katika shule zile zile walizotoka. Mwanafunzi anamtazama dada ambaye miaka mitatu iliyopita alikaa dawati lile. Mwalimu hawezi kushindana na hilo.

Shule ya jirani walijaribu kuifanya kienyeji, wakawachukua wahitimu wa kidato cha sita waliokuwa nyumbani wakisubiri matokeo. Ilianza vizuri mno. Halafu ikakwama mahali pawili ambapo ripoti hazipataji. Nauli: kijana wa kujitolea naye anapanda bodaboda. Na usimamizi: ndani ya wiki ya tatu mwanafunzi mmoja alimweleza kijana wake jambo la nyumbani ambalo kijana mwenyewe, kwa miaka 19, hakujua alipeleke wapi, akakaa nalo. Wale wa Shamiri wana wasimamizi juu ya vijana, na wataalamu wa saikolojia juu ya wasimamizi. Ukiiga vikao vinne ukaacha hiyo ngazi, umeiga nusu iliyo rahisi. Halafu kuna suala la kuwachuja: usimruhusu kijana wa miaka 20 kukaa na mabinti wa kidato cha tatu kwa sababu tu baba yake yumo kwenye bodi ya shule.

Kuwabadili watu wazima kwanza

Sasa ile ambayo makamu wangu hakuitaja.

Uganda, shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango unaoitwa Good School Toolkit. Hauanzi na mwanafunzi kama mgonjwa wa kutibiwa. Unaanza na namna shule inavyoendeshwa: mkuu wa shule, walimu, utawala na wanafunzi wanapitia hatua sita za kuamua wanataka shule ya aina gani, kisha wanabadili nidhamu, lugha na mahusiano ya kila siku. Ulijaribiwa wilaya ya Luwero katika shule za msingi 42, nusu zikiwa na mpango na nusu bado, na matokeo yakatoka katika Lancet Global Health mwaka 2015. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 kwenye shule za mpango, na karibu 49 kwenye shule nyingine. Walijisikia salama zaidi shuleni pia.

Asilimia 31 bado ni nyingi, naam. Lakini tafuta klabu iliyowahi kuondoa fimbo kwa kiasi hicho.

Kwenye utafiti huo huo kuna namba nyingine ambayo kila mratibu angeitundika ukutani. Watafiti walipokuwa wakikusanya takwimu za mwisho, ilibidi watoto 434 wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kwa sababu ya yale waliyoyasema. Waliulizwa, wakasema. Watafiti walikuwa wamejiandaa pa kuwapeleka. Wewe umejiandaa?

Huku kwetu kuna mafunzo ya ICC-T, ya takriban wiki moja, yanayowafundisha walimu namna ya kuhusiana na wanafunzi na kusimamia nidhamu bila kuumiza. Mabula Nkuba na wenzake waliyajaribu katika sekondari za serikali hapa Tanzania, na walimu pamoja na wanafunzi wakaripoti vipigo na matusi kupungua miezi kadhaa baadaye. Mwalimu mmoja aliyepitia mafunzo ya aina hiyo aliniambia kilichombadilisha hakikuwa mada yoyote. Waliombwa wakumbuke kipigo walichopigwa wao wakiwa wanafunzi, na ukumbi wa watu wazima, baadhi wenye mvi, ukaanza kutoa kamasi.

Najua utakachosema: sheria yetu inaruhusu viboko. Kenya iliviondoa shuleni mwaka 2001. Sisi hatujafika huko. Lakini soma kanuni za 2002 unazodhani zinakulinda. Viboko visizidi vinne. Avitoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viwe kwa kosa kubwa la nidhamu. Kila mara viandikwe kwenye kitabu. Mwombe mkuu wako akuonyeshe kitabu hicho na barua za idhini. Ukizikuta, umepata pa kuanzia mazungumzo. Usipozikuta, umepata pa kuanzia mazungumzo makali zaidi. Fimbo nyingi ninazoziona getini asubuhi, kwa kuchelewa dakika kumi, kutoka kwa mwalimu yeyote mwenye fimbo, ziko nje ya kanuni hata kabla hatujafika kwenye ustawi.

Ugumu wa njia hii ni kwamba haionekani. Huwezi kuialika redio. Mkuu wa shule asipotaka, imekufa siku ya kwanza, na wewe mwalimu wa vipindi 24 huna cheo cha kumwambia mwalimu mkongwe aweke chini fimbo. Inachukua mwaka na nusu kabla mtu hajaona tofauti, na ndani ya muda huo mkuu anaweza kuhamishwa. Ila ikishika, inamfikia hata yule wa dawati la nyuma, kwa sababu naye anapita geti lile lile.

Kwa kutazama mara moja

| | Inamfikia nani | Inakula nini | Nani abebe | Inafia wapi |
|---|---|---|---|---|
| Ofisi ya unasihi | Wachache wenye shida nzito | Muda, chumba chenye faragha | Mwalimu mmoja asiyeshika fimbo | Ikigeuzwa tawi la nidhamu |
| Klabu ya Tuseme na mfano wake | Wenye sauti, na shule nzima siku ya igizo | Vipindi viwili kwa wiki, chaki | Mlezi na viongozi wa wanafunzi | Mlezi akihama. Mgeni rasmi akija |
| Vikundi vya vijana | Darasa zima, bila kunyooshewa kidole | Nauli, mafunzo, usimamizi | Vijana wahitimu chini ya mtu mzima mwenye ujuzi | Posho zikiisha. Usimamizi ukikosekana |
| Kubadili walimu | Kila apitaye getini | Uvumilivu, siku za mafunzo | Mkuu wa shule | Mkuu asipotaka |

Vinavyoitwa programu na visivyoitwa

Michezo nitaipita haraka. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ni tamu, lakini timu ya shule ina watu kumi na tano hadi ishirini na wengine wote ni washangiliaji. Ukitaka michezo iwe ushiriki, panga mechi za madarasa, na wasiojua kucheza wawe waamuzi na watunza matokeo.

Serikali ya wanafunzi inategemea jambo moja: wanachaguliwa au wanateuliwa? Kiranja aliyeteuliwa na walimu ni jicho la walimu. Aliyechaguliwa bila kupewa hata ajenda moja ya kuamua ni pambo.

Chakula, kwa upande mwingine, nakiweka juu ya klabu zote. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa chai ya rangi, akilala darasani saa nane mchana si kwa kukosa ari. Ana njaa. Nairobi, mpango wa Dishi na County unamlisha mtoto wa shule ya msingi kwa shilingi tano za Kenya kutoka kwa mzazi. Sisi tunategemea debe la mahindi na maharage ya michango, na kikao cha wazazi kinachorushiana maneno hadi jioni. Muhula ambao makande yalipikwa siku zote tano, vipindi vyangu vya mchana vilikuwa na watu. Ule ambao wazazi waligoma, ijumaa mchana nilifundisha madawati. Ukiwa mratibu wa ushiriki na hujawahi kuhudhuria kikao cha chakula, anza na hicho.

Na sasa sanduku la maoni. Kila shule inalo, la mbao, lenye kufuli ndogo. Letu lilifunguliwa na mtu asiyestahili kulifungua, na barua moja ilisomwa mstarini kwa sauti ya kukejeli. Haikuwa na jina. Lakini ilikuwa na mwandiko, na mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari ya darasa lile aliujua. Kijana aliitwa mbele. Kwa muda mrefu sanduku lilikaa tupu. Zilipoanza kuingia karatasi tena zilikuwa zimeandikwa kwa herufi kubwa, kila mstari wa herufi umechorwa kwa rula, moja moja, kama maandishi ya mlango wa duka. Fikiria muda aliotumia mtoto kuandika sentensi moja namna hiyo ili asijulikane. Siku hizi ufunguo ninao mimi na dada mkuu, tunafungua pamoja kila alhamisi, na tunabandika majibu ubaoni bila kunakili barua.

Ungekuwa mimi

Mkuu wako wa shule akiwa anasikiliza, usipoteze nafasi hiyo kwa klabu. Anza na getini na stafu. Omba nusu siku ya kikao cha walimu, soma nao kanuni, kubalianeni jambo moja tu dogo, mfano mchelewaji asipigwe, atajwe kwenye daftari na aulizwe njia. Likikaa miezi mitatu, ongeza la pili. Kama kuna mafunzo ya unasihi au ya nidhamu yanayopita wilayani, mpeleke mwalimu wa nidhamu, usiende wewe. Wewe umeshashawishika.

Mkuu akiwa hataki kusikia, anza na Tuseme. Igizo linaweza kumwambia asichoambiwa na barua yako, na hawezi kumwandikia barua ya kujieleza binti aliyecheza mwalimu wa kubuni. Weka walezi wawili tangu siku ya kwanza, mmoja awe mwenyeji wa eneo lile ambaye hataomba uhamisho, na kataa nyimbo za wageni mapema, kwa heshima.

Vikundi vya vijana viache mpaka uwe na mtu wa kuwasimamia na fungu la nauli la muhula mzima, lililo mkononi na si la kuahidiwa. Ukiwa karibu na shirika linalofanya kazi hiyo, waalike, usiige.

Unasihi hauna foleni ya kungoja, kwa sababu mwenye shida nzito hawezi kusubiri uamue. Ile karatasi ya namba nne iandike leo. Chumba kinaweza kuja baadaye. Mimi na watoto wengi tumezungumzia chini ya mwembe nyuma ya maktaba, tukikagua miche, na hakuna aliyejua tunanasihiana.

Nilipoomba upya masharti ya kazi yangu, nilimwandikia mkuu mambo mawili: niondolewe zamu ya getini yenye fimbo, na nihamishwe kutoka stoo inayotazama uwanjani. La kwanza alilikubali siku ile ile. La pili bado lipo mezani kwake, na mipira bado iko nyuma ya kiti changu.